Nozeli za gari la tabo: Jinsi ya kuchagua saizi sahihi kabla injini haijanoki

Magari ya tabo yaliyotumika kutoka Japan si mageni tena Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam wala Arusha. Subaru ndizo zinazosikika zaidi, lakini Toyota na Nissan za tabo nazo zipo. Wengi wanaozinunua hawakai muda mrefu kabla ya kutaka nguvu zaidi. Wanabadilisha ekzosi, wanaweka tabo kubwa, wanaongeza presha, na gari linaruka kweli.

Shida huanza pale hewa inapoongezeka bila mafuta kuongezeka. Injini ya tabo ikipewa hewa nyingi na mafuta haba, pistoni inaweza kupasuka ndani ya sekunde chache, tena gari likiwa kwenye mwendo mkali. Ndiyo maana saizi ya nozeli, au injekta kama zinavyoitwa kwenye maduka ya vipuri, si jambo la kukisia.

Habari njema ni kwamba hesabu yake ni nyepesi. Kikokotoo cha kwenye simu kinatosha.

Nozeli inafanya kazi gani

Nozeli ni vali ndogo ya umeme. Haisukumi mafuta yenyewe. Kazi ya kusukuma ni ya pampu iliyo kwenye tangi. Kompyuta ya gari inapeleka umeme, nozeli inafunguka, petroli inapuliziwa kwenye njia ya hewa, umeme unakatwa, nozeli inafunga.

Kiasi cha mafuta kinachotoka kinategemea mambo matatu tu: ukubwa wa tundu, presha ya mafuta, na muda ambao nozeli imekaa wazi.

Ukisikia fundi anasema "nozeli za 440", maana yake ni kwamba kila moja ingetoa cc 440 za petroli kwa dakika kama ingeachwa wazi muda wote. Kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa kwenye presha ya bar 3, yaani karibu psi 43.5. Baadhi ya watengenezaji wa Marekani hutumia pauni kwa saa. Kubadilisha ni rahisi: pauni 1 kwa saa ni sawa na takriban cc 10.5 kwa dakika.

Muda ni mfupi kuliko unavyodhani

Injini ya petroli ya kawaida hulisha kila silinda mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Injini ikiwa sailensa, mizunguko 800 kwa dakika, nafasi hiyo ni milisekunde 150. Hapo nozeli ina muda wa kutosha.

Ikifika mizunguko 6,000, nafasi inabaki milisekunde 20. Ikifika 7,000, ni kama 17 tu. Mafuta yote ya silinda moja lazima yaingie ndani ya muda huo, halafu mzunguko mwingine unaanza.

Kwa hiyo nozeli ndogo ikidaiwa mafuta mengi, inalazimika kukaa wazi muda mrefu zaidi na zaidi. Ikifika asilimia 100 haifungi tena. Kuanzia hapo, hata kompyuta ikiomba zaidi, hakuna cha kuongeza. Hewa inazidi kupanda, mafuta yamegota.

Mafundi wenye uzoefu huweka kikomo cha asilimia 80 hadi 85. Nozeli pia huchelewa kidogo kufunguka na kufunga, mara nyingi karibu milisekunde 1, na inapokaribia kutofunga kabisa kiasi inachotoa hakitabiriki vizuri.

Hesabu yenyewe

Anza na lengo la nguvu, si na nozeli unayoiona dukani. Injini ya petroli yenye tabo, ikikanyagwa mpaka mwisho, hutumia takriban cc 6.3 za mafuta kwa dakika kwa kila hosipawa 1. Nyingine hutumia kidogo zaidi au pungufu, kati ya 5.8 na 6.8 hivi, lakini 6.3 ni namba ya kuanzia iliyo salama. Injini isiyo na tabo hutumia pungufu ya hapo, kwa sababu ya tabo hupewa mafuta ya ziada ili kupoza mwako.

Hatua ni tatu:

1. Zidisha hosipawa unazotaka kwa 6.3.
2. Gawanya kwa idadi ya nozeli.
3. Gawanya tena kwa 0.8, ili nozeli isizidi asilimia 80.

Mfano: Subaru ya silinda 4, mwenye gari anataka hosipawa 300. Mia tatu mara 6.3 ni 1,890. Gawanya kwa 4, unapata 472.5. Gawanya kwa 0.8, unapata 591. Basi nozeli za cc 600 hadi 650 ndizo zinazofaa. Za 440 hapo ni hatari, na za 1,000 ni za nini?

Kwa injini ya silinda 4, kwa hesabu hiyohiyo:

- Hosipawa 200: cc 394
- Hosipawa 250: cc 492
- Hosipawa 300: cc 591
- Hosipawa 350: cc 689
- Hosipawa 400: cc 788

Kwa injini ya silinda 6:

- Hosipawa 300: cc 394
- Hosipawa 400: cc 525
- Hosipawa 500: cc 656

Ukipata namba, chukua saizi inayofuata juu yake, usichukue ya chini.

Angalizo moja: hosipawa hizi ni za kwenye krenki. Mashine ya kupimia nguvu, ambayo mafundi huiita daino, husoma nguvu iliyofika kwenye matairi, na njiani hupotea kiasi, mara nyingi kama asilimia 15. Kwenye gari linalovuta tairi zote nne hupotea zaidi. Ukitumia namba ya matairi bila kuongeza, utanunua nozeli ndogo.

Kuangalia ulichonacho tayari

Hesabu hiyo inaweza kugeuzwa. Zidisha cc za nozeli kwa idadi yake, zidisha kwa 0.8, halafu gawanya kwa 6.3. Nozeli nne za 440 zinakupa hosipawa 223 hivi. Kama gari tayari lina nguvu karibu na hapo, kuongeza presha ya tabo bila kugusa nozeli ni kucheza kamari na injini.

Toyota wenyewe wanatoa somo zuri hapa. Injini ya 2JZ-GTE ya Supra iliyouzwa Japan ilitangazwa kuwa na hosipawa 280, ikiwa na nozeli sita za cc 440. Ile iliyopelekwa Marekani ilitangazwa kuwa na 320, ikawekewa nozeli za cc 550. Ukipiga hesabu, hosipawa 320 zinahitaji cc 420 tu. Kwenye karatasi hata zile 440 zingetosha kwa shida, lakini kiwanda kiliweka nafasi ya kutosha juu yake.

Kama kiwanda chenye maabara kinaacha akiba kiasi hicho, mtu wa gereji ana sababu zaidi ya kuiacha.

Presha ya mafuta inabadilisha kila kitu

Nozeli ileile hutoa mafuta tofauti presha ikibadilika. Lakini haiendi sawa kwa sawa. Presha ikiongezeka mara mbili, mafuta hayaongezeki mara mbili. Yanafuata kipeuo cha pili cha presha. Nozeli ya 440 ikitolewa kwenye bar 3 na kuwekwa bar 4, inatoa takriban cc 508, ongezeko la asilimia 15 tu.

Wapo wanaopandisha presha ya mafuta ili kukwepa kununua nozeli. Kwa ongezeko dogo inawezekana, mradi pampu ihimili. Kwa ongezeko kubwa ni njia mbovu, kwa sababu presha ikipanda pampu hupeleka mafuta machache zaidi, nayo hupata joto na kuchakaa mapema.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Kinachosukuma mafuta kutoka kwenye nozeli ni tofauti kati ya presha ya mafuta na presha ya hewa iliyo upande wa pili. Tabo ikisukuma bar 1, hewa hiyo inayarudisha mafuta nyuma. Ndiyo maana kwenye magari mengi ya tabo regyuleta ya mafuta ina kipaipu kidogo cha mpira kinachotoka kwenye manifodi: tabo ikiongeza bar 1, regyuleta nayo inaongeza bar 1.

Kipaipu hicho kikipasuka au kikichomoka, bar 3 inabaki na nguvu ya bar 2 tu, na mafuta yanapungua kwa karibu asilimia 18, palepale injini inapoyahitaji zaidi. Ni mpira wa bei ndogo sana. Ukaguliwe kabla ya kulaumu nozeli.

Kutoka Nairobi kwenda Mombasa

Hili linawahusu moja kwa moja madereva wa Afrika Mashariki. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina karibu asilimia 80 tu ya presha iliyopo Mombasa au Dar es Salaam.

Chukua gari lililosetiwa Nairobi, ambalo presha ya tabo inadhibitiwa na springi ya kawaida ya bar 1. Springi hiyo huongeza bar 1 juu ya hewa iliyopo. Nairobi jumla inakuwa kama bar 1.82. Gari lilelile likishuka pwani, jumla inapanda hadi kama bar 2. Hiyo ni hewa zaidi kwa karibu asilimia 10, ingawa geji ya tabo kwenye dashibodi inaonyesha bar 1 ileile. Joto la pwani linapunguza kidogo ongezeko hilo, lakini haliliondoi.

Nozeli zilizokuwa zinafanya kazi kwa asilimia 80 zitapanda hadi 88 hivi. Bado ziko hai. Zilizokuwa zimebanwa asilimia 90 zitafika 99. Gari lililokuwa linakimbia salama Nairobi linaweza kunokia njiani Mtito Andei likielekea bondeni, na mwenyewe asijue kosa lilikuwa wapi.

Magari ambayo kompyuta yake hudhibiti presha kwa kupima jumla yote hayana tatizo hilo kwa kiwango hichohicho, kwa sababu kule juu tabo huzunguka zaidi kufidia. Vyovyote vile, gari linalosafiri kati ya bara na pwani lihesabiwe kwa hali ya pwani.

Ndogo mno, kubwa mno

Petroli inaungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, kwa uzito. Injini ya tabo inapokanyagwa sana hupewa mafuta zaidi ya hapo, mara nyingi kati ya 11 na 12 kwa 1. Mafuta ya ziada yanapoza ndani ya silinda.

Nozeli zikiwa ndogo, uwiano huo unavunjika. Joto linapanda, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake, injini inagonga. Mlio wake ni kama kokoto kwenye kopo, lakini kwa kelele za ekzosi dereva anaweza asiusikie. Kinachofuata ni kingo za ringi kuvunjika, pistoni kutoboka, au gasketi ya silinda kuungua.

Nozeli zikiwa kubwa mno, injini haifi ghafla, inakufa polepole. Sailensa inayumba kwa sababu nozeli kubwa haiwezi kufunguka kwa muda mfupi wa kutosha kutoa tone dogo linalotakiwa. Plagi zinakuwa nyeusi. Gari linamisi, linanuka petroli, linakula mafuta. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili ya injini, ambayo inakuwa nyepesi na kushindwa kulinda beringi. Masega ya ekzosi nayo yanaungua.

Nozeli za kisasa zenye ubora hustahimili ukubwa vizuri kuliko za zamani. Hata hivyo kanuni ni ileile: kubwa kidogo kuliko hesabu, si mara mbili ya hesabu.

Kabla ya kutoa hela

Saizi peke yake haitoshi. Mambo haya yakaguliwe dukani au gereji:

- Ukinzani wa umeme. Nozeli ziko za aina mbili. Zenye ukinzani mkubwa husoma takriban omu 11 hadi 16 kwenye mita ya umeme. Zenye ukinzani mdogo husoma omu 1 hadi 5. Ukifunga za ukinzani mdogo kwenye kompyuta iliyotengenezewa zile kubwa, unaweza kuiunguza. Pima za zamani, pima na mpya.
- Umbo. Baadhi hulishwa mafuta kutoka juu, nyingine kutoka ubavuni. Baadhi ya Subaru za zamani hutumia za ubavuni, na haziingiliani na zile za juu. Urefu, pete za mpira na soketi ya waya vilingane pia.
- Seti iliyolingana. Nozeli zote zitoe kiasi kimoja. Moja ikiwa na uchafu na kutoa pungufu, silinda yake ndiyo itakayonoki, hata kama wastani wa injini nzima unaonekana sawa.
- Data ya kuchelewa. Muuzaji wa maana hutoa jedwali linaloonyesha nozeli inachelewa kufunguka kwa kiasi gani kwenye kila volti ya betri. Bila hilo, fundi wa kompyuta anabaki kubahatisha.

Nozeli za mtumba si mbaya, lakini zisifungwe kabla ya kusafishwa na kupimwa kwenye mashine inayoonyesha kila moja inatoa cc ngapi na inapulizia vipi. Inayotiririsha badala ya kupulizia ukungu, iachwe. Namba iliyoandikwa kwenye ganda si ushahidi. Ganda linaweza kuigwa.

Pampu nayo ihesabiwe

Nozeli kubwa nyuma ya pampu dhaifu ni kazi bure. Hosipawa 300 zinahitaji cc 1,890 kwa dakika, sawa na lita 113 kwa saa. Lakini pampu iliyoandikwa namba fulani hutoa kiasi hicho kwenye presha ndogo. Kwenye bar 4, yaani bar 3 za kawaida na bar 1 ya tabo, hutoa pungufu. Waya chakavu wenye volti ndogo unapunguza zaidi. Chukua pampu yenye akiba, na ubadilishe chujio la mafuta siku hiyohiyo.

Kompyuta lazima iambiwe

Hili ndilo kosa linalorudiwa sana gereji. Nozeli za 440 zinatolewa, za 550 zinafungwa, gari linawashwa, mteja anakabidhiwa ufunguo. Kompyuta haijui kilichotokea. Inafungua nozeli kwa muda uleule wa zamani, na mafuta yanazidi kwa asilimia 25.

Sensa ya oksijeni inaweza kurekebisha kiasi fulani gari likitembea taratibu. Likikanyagwa mpaka mwisho, kompyuta nyingi za kiwandani huacha kuifuata sensa hiyo na kutumia namba zilizohifadhiwa ndani. Namba hizo bado ni za nozeli za zamani.

Kwa hiyo kazi haijaisha mpaka kompyuta iwekewe saizi mpya na data ya kuchelewa, kisha gari lipimwe kwa geji ya uwiano wa hewa na mafuta, presha ya tabo ikiongezwa kidogo kidogo. Fundi anayesema gari "litajizoesha lenyewe" atafutiwe mbadala.

Hesabu hizi ni za magari yanayopulizia petroli kwenye njia ya hewa kabla ya vali, ambayo ndiyo mengi ya tabo za zamani kutoka Japan. Injini mpya zinazopulizia moja kwa moja ndani ya silinda hutumia presha kubwa mno na muda mfupi zaidi, na dizeli ina utaratibu wake kabisa. Hizo zinahitaji fundi mwenye vifaa vyake.

Kwa kifupi

- Amua hosipawa kwanza, halafu tafuta nozeli.
- Hosipawa mara 6.3, gawanya kwa idadi ya nozeli, gawanya kwa 0.8.
- Chukua saizi inayofuata juu, usiruke mbili au tatu.
- Hesabu kwa hewa ya pwani hata kama gari linalala Nairobi.
- Pima ukinzani, hakiki umbo, omba matokeo ya kipimo cha seti nzima.
- Pampu, chujio na kipaipu cha regyuleta vikaguliwe pamoja.
- Presha ya tabo isiongezwe mpaka kompyuta iwe imesetiwa na geji imesoma vizuri.

Seti ya nozeli na kazi ya kuseti kompyuta si bei rahisi. Lakini iwekwe kwenye mizani na injini nyingine ya mtumba, gharama ya kuishusha na kuipandisha, na wiki kadhaa gari likiwa juu ya mawe.